Mbwa wa Wilmar

Jumanne ya Julai, baridi ya kuchubua masikio,
Wilmar Etchegoyen aliingia dukani kwangu
na mbwa wake kwenye kamba mpya.
"Nélida, humjui mtu anayetaka mbwa?
Hali sana. Kondoo anawajua kuliko mimi."

Nilikuwa napima chumvi ya ng'ombe.
Mkono ukasita, mizani ikabaki inayumba.
Tero amelala miguuni pake miaka tisa.
Mkewe alipohamia Montevideo na nusu ya vyombo,
mbwa hakugawanywa.
Bei ya maziwa imeanguka, ndiyo,
lakini mtu hamtoi mbwa kama huyu
kwa sababu ya maziwa.

Na mimi nilishawahi kupewa kitu.
Kaka yangu Eusebio alinivulia saa yake
mwezi wa Aprili, jikoni, bila neno.
Nikasema asante.
Nikaivaa. Ikanikaa vizuri.
Mei tukamzika.

Kituo chetu cha reli hakijaona treni
tangu nikiwa na mikia miwili ya nywele.
Humo, Jumamosi nne, tulikaa kwenye mabenchi ya abiria:
kinyozi, wauguzi wawili, padri aliyesinzia,
kijana wa duka la dawa, mimi.
Yamila alikuja kwa basi kutufundisha.
Nilimwambia naogopa kulitaja lile neno,
nisije nikalipanda kichwani mwa mtu.
Akasema, "Kama limo, limeota bila wewe.
Uliza. Kisha nyamaza, umsikilize."
Kuuliza si ujinga, tunasema sote,
ila kuna swali linalokausha koo.

Nikaiweka chini chumvi.
"Wilmar. Unafikiria kujiua?"

Akatazama viatu vya mpira vilivyopangwa,
akavisoma bei, jozi kwa jozi.
Tero akapiga miayo.
"Ndiyo," akasema,
kwa sauti ya mtu anayekiri deni.

Nikafunga mlango, nikabandika birika.
Kwetu majani machungu hunywewa kwenye kibuyu kimoja,
mrija mmoja, midomo yote;
mmiminaji hujaza, hupitisha, hurudishiwa, hujaza tena.
Sikumwambia maisha ni matamu.
Angeniona mwongo, na ningekuwa mwongo.
Nilimuuliza usiku upi ni mgumu kuliko yote.
Akasema: yote, kuanzia saa tisa.

Nikapiga simu zahanati; daktari wa zamu akapokea,
akaongea naye dakika arobaini, mimi nikifagia palipofagiwa.
Rubén kinyozi akaenda na gari lake bovu,
akakiondoa nyumbani kile cha kuondolewa,
kikalala nyuma ya kufuli ya mtu mwingine.
Mapacha wa kina Silveira walisema watakamua wao
hadi mwisho wa mwezi, na wasilipwe.
Kwenye ukuta wa kituo, palipoandikwa zamani saa za treni,
tukaandika zamu: nani atalala jikoni kwa Wilmar,
Jumatano nani, Alhamisi nani.
Padri aliyesinzia akachukua usiku tatu.

Sijui kama nimeeleza vizuri.
Hakupona kwa sababu ya kibuyu.
Anapanda basi la Tacuarembó kila wiki mbili kumwona daktari,
anameza vidonge vinavyomkausha kinywa, analalamika.
Na wapo tuliowakosa. Wawili, mwaka jana.
Hatujawaandika ukutani; tunawajua.

Saa ya Eusebio bado naivaa.
Inachelewa dakika sita, sitaki itengenezwe.

Jambo moja tu nililisahau kuhusu Jumanne ile.
Kwetu, ukirudisha kibuyu ukasema asante,
maana yake umetosheka, usimiminiwe tena.
Giza liliingia, maji tukachemsha mara ya pili,
mara ya tatu. Tero alikuwa anakoroma juu ya kamba.
Kibuyu kilikwenda, kikarudi, kikaenda.
Nilikuwa nasikiliza, kila kiliporudi,
na Wilmar hakusema asante.