Namwuliza

Miaka kumi na minane nilikuwa ulimi wa kampuni.
Kijiko, kikombe, fyonza kwa kelele, tema.
Niliijua kahawa ya Uru na ya Kibosho nimefumba macho,
nikalijua gunia lililolala jirani na mafuta ya taa
na mwaka ambao mvua iliwahi kuangusha maua.
Kisha wenye kampuni wakauza mizani, meza, hata mapazia.
Ulimi haukupata mnunuzi.

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo karibu na stendi ya Moshi:
*Anahitajika mtu msafi, asiyeogopa usiku.*
Nikadhani wanataka mlinzi.
Mzee Eliufoo akanifungulia chumba cha baridi,
akanipa gambuti zilizonizidi namba mbili,
akasema, "Huyu ni dereva wa lori. Mpigie hodi kwanza."
Nikacheka.
Akasimama, kitasa mkononi, mpaka nikasema hodi.

Siku hiyo nilitapika nyuma ya jenereta.
Pua iliyofunzwa kutenganisha limau na chungwa
haina pa kujificha.
Nyumbani nilioga mara tatu kwa sabuni ya mche.
Ndealilia, mke wangu, alinitengea kikombe,
cha bati, mpini wa bluu,
akakitundika peke yake kwenye msumari.
Hakusema neno. Kikombe kilisema.

Krismasi tukapanda mlimani, kama wote wanavyopanda.
Mbuzi akachinjwa, mbege ikazunguka kwenye kata,
ikafika kwangu, ikaniruka.
Aliyeirusha ni Bibi Anansia, shangazi wa mke wangu,
kwa mkono uleule ulionimenyea ndizi siku ya posa.

Wahenga walisema maiti haulizwi sanda.
Mimi namwuliza.
Maji nayapima kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga:
Mama, yamezidi moto?
Nywele, tuzilaze upande gani?
Baba, kola hii inakukaba, au ndivyo ulivyozoea kanisani?
Na chini ya dawa, polepole, pua yangu ikarudi kazini:
huyu alikuwa wa moshi wa kuni,
huyu wa tumbaku ya kunusa,
huyu, kijana wa pikipiki, mafuta ya nazi shingoni,
ya mtu aliyempaka asubuhi ile bila kujua.
Sikumwambia yeyote. Nilimfunga tai vizuri zaidi.

Juni, mlima umejifunika wiki nzima,
wakamleta Bibi Anansia katika khanga mbili.
Eliufoo akanitazama. "Nimfanye mimi?"
Nikakataa.
Nilimwosha kidole kwa kidole.
Kuchani utomvu wa mgomba, mweusi, wa miaka sabini.
Nikasugua kwa limau, nikasugua kwa chumvi,
nikawa karibu kumchubua.

Mlangoni mtu akasema hodi.
Hakuniambia mimi. Alimwambia yeye.
Ndealilia aliingia peku, viatu mkononi,
miezi kumi na saba tangu nianze kazi hii.
Akanishika kifundo cha mkono. "Acha hilo doa.
Bila hilo watamlilia mtu mwingine."

Tukamvisha wawili.
Kitambaa cha kichwa alikifunga yeye,
fundo nyuma, lile la Jumapili;
mimi nilikuwa nimelikosea.
Kabla ya kufunika nikalikunja jani la sale
nililochuma kwenye mpaka wa hospitali,
nikaliweka katika kiganja chake.
Ni jani la kuombana radhi.
Sikujua nani anamwomba nani.

Tukamzika kihambani, migomba ikidondosha maji,
na mtoto wake wa Dodoma akasema kwa sauti ya kukosea,
"Mbona yuko kama anataka kutugombeza?"
Watu wakacheka, kisha ndipo wakalia.

Kikombe changu bado kiko msumarini.
Sijauliza, wala sijaambiwa.
Ila jana niliporudi, kabla ya kunawa,
nilikikuta kimelowa, na kwenye ukingo
harufu ya chai ya tangawizi,
na mimi sijanywa chai tangu alfajiri.