Usingizi wa Nusu

Mara mbili nimekikimbia kile kiti.
Ya kwanza nilisema nimeacha chungu motoni.
Ya pili sikusema kitu;
walinikuta Langoni, buibui limepinda,
viatu nimeviacha kwa daktari.

Leo Daktari Shekuwe kafunga mlango kwanza.
Akakaa, akanikunjulia usingizi wake
kama muuza vitambaa na majora:
"Kuna ganzi tupu, mama. Ufizi unalala, wewe uko macho."
Sitaki. Naijua sauti ya ile keekee.
"Kuna gesi. Unavuta kwa pua, unachangamka,
nikiuondoa mpira unarudi papo hapo."
Pua yangu ina mafua, wiki ya pili.
"Kuna kidonge. Hulali, hukeshi.
Nikikwambia fungua kinywa, utafungua;
kesho nikikuuliza, hutakumbuka kama ulifungua.
Na kuna usingizi wenyewe, wa mashine,
ila huo uko Mombasa, na jino lako si la Mombasa."

Akauliza presha, akauliza moyo, akauliza kama nakoroma.
Nikamwambia aliyekuwa akijua yuko makaburini.
Akaandika: hajui.

Nilichotaka kuuliza mimi
hakikuwa na nafasi kwenye karatasi yake.
Nikakizunguka.
"Mtu akimeza hicho, daktari, huwa anasema?"
"Wengine husema."
"Husema nini?"
"Ah, mama. Bei za samaki. Majina ya paka."

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi,
ndivyo nilivyolelewa,
na ulimi wangu miaka sita umelindwa na meno.
Sasa mlinzi mmoja ameoza
na wenziwe wanapewa likizo ya saa nzima.

Sharti la kidonge ni mtu wa kukurudisha nyumbani.
"Usiendeshe gari," inasema karatasi, imechapwa bara.
Daktari akaongeza kwa kalamu: wala punda.
Lali yuko Mpeketoni kazini,
kwa hiyo mtu wangu ni mkewe, Mwanashee,
yuko pale kwenye benchi, mkoba mapajani,
mkamwana asiyewahi kunikosea
ila kwa kuwa na masikio.

Nikakimeza.

Nakumbuka taa. Nakumbuka feni ikihesabu.
Nakumbuka mkono laini ukishika wangu
na mtu akisema, polepole, "Sonara gani, mama?"
au labda hilo nimeliota.
Kisha hakuna.
Kisha pamba, chumvi ya damu,
na jino ndani ya kichupa,
kitu kidogo hivyo, kwa mateso yote yale.

"Nimesema nini?"
Mdomo haukuwa wangu, maneno yalimwagika kama maji.
"Hukusema kitu," akasema Mwanashee. "Ndoo, mama, twende."
Akanishika kiwiko vichochoro vyote,
akawafukuza punda kwa ukali nisioujua,
akanishushia chandarua adhuhuri kweupe.

Sikumuuliza tena.

Ilikuwa harusi ya Famau. Tulipekua mito, tukakung'uta mikeka,
tukachekecha hata taka za uani,
nami nikichekecha kuliko wote.
Kadzo, mtoto wa kazi, akarudishwa kwao na kilio chake.
Pesa ikalipa deni la Lali,
ambaye mpaka leo anadhani alisamehewa.

Asubuhi ameniletea uji wa mchele,
umepoa kama daktari alivyoagiza.
Ameinama kuweka bakuli,
mtandio umemteleza begani.
Sikio la kushoto tupu.
La kulia, kipuli,
kile kilichobaki,
hajakivaa tangu siku ile.

Anachota kijiko, anakipuliza ingawa hakina moto.
"Fungua kinywa, mama."

Nafungua.