Sanadi ya Shamba la Bicha

Wameketi kibarazani pa msikiti, Bicha,
upepo wa Kondoa ukiwamwagia vumbi la mtama kwenye kanzu.
Shauri ni la mpaka: ekari mbili za alizeti.
Nimeitwa mimi, niliyesoma elimu ya wapokezi.

"Baba alisema," anaanza kaka Mrisho,
"kasikia kwa babu Issa,
naye kwa Nchasi aliyepanda ule mkwaju."

Nikauliza kama walivyouliza wale wa kale
waliovuka jangwa kwa ajili ya sentensi moja:
Issa alizaliwa lini? Nchasi alikufa lini?
Walionana?

"Nchasi tulimzika mwaka wa nzige,"
akajibu shangazi Mwasiti toka dirishani.
"Issa alikuwa bado tumboni."

Kikohozi kimoja. Kisha kimya.

Wale wa kale hawakuoneana haya:
huyu mcha Mungu, mwombeni dua,
ila msipokee neno kwake.
Wapo waliowadhoofisha hata baba zao.

Baba yangu hakudanganya hata mbuzi.
Lakini mwaka wake wa mwisho
aliniita kwa jina la dada yake,
na jogoo mmoja akamchinja mara mbili
ndani ya kisa kimoja.

Nikasema: "Mkweli.
Hifadhi yake ilichakaa."
Mrisho akageuza uso.

Jioni nikapita mpakani.
Mkwaju upo. Nani aliupanda, sijui.
Niliokota ukwaju mmoja, nikaupangusa vumbi,
nikaurudisha chini.