Joto la Mita Mia Tatu

Tumerudi Lubumbashi usiku, vumbi jekundu hadi kwenye kope,
daftari tatu, betri iliyokufa,
na waya wa kipimajoto umekunjwa ndani ya ndoo kama utumbo wa mbuzi.
Mama haulizi kama nimekula. Anauliza:
"Muliona mukuba?"
Katuba nzima inauliza hivyo. Hapa mtu hachimbi shimo bure.

Hapana, Mama. Tuliona nyuzi thelathini na nne nukta moja.

Anasubiri niendelee. Bukari inapoa.

Namweleza: kule uwandani kuna duara la vilima
kama ukingo wa sahani iliyozikwa.
Jiwe lilianguka kutoka juu kabla hapajawa na jicho la kuogopa,
likajiunguza lenyewe, likaisha,
na pale lilipopiga, mwamba uliruka kama maji, kisha ukaganda.
Moto ule ulizimika zamani mno. Tulikwenda tukijua hivyo.
Tukapiga nyundo juu ya bamba la chuma, mara mia,
Kisimba akihesabu kwa sauti,
tukategea mlio urudi kutoka chini.
Penye ufa mlio ulichelewa,
kama mtu anayetafuta neno la kumwambia mfiwa.

Shimo la kwanza, baridi. La pili, baridi.
La tatu, kando ya ufa, namba zikaanza kupanda,
nikamsikia Kisimba ananyamaza.

Si moto wa jiwe. Ni maji:
yanazama mbali, miaka na miaka,
yanapashwa na tumbo la dunia,
halafu yanatafuta pa kupandia,
na hakuna njia ila palipovunjika.

"Usipoziba ufa," Mama anaanza,
nami nacheka, maana mimi nalipwa kuufuata.

Hacheki. Anavuta kigoda, ananyoosha miguu,
anachovya kidole kwenye mawese, anapaka magaga,
yale aliyoyapata akiosha mawe ya mukuba mtoni
mwaka ambao baba aliachishwa kazi.
Sijawahi kuyatazama hivi. Mengine yamefunga,
mengine mabichi,
moja limezunguka kisigino chote.

"Hapa," anasema, akibonyeza, "usiku panawaka.
Miaka yote hii."

Waya ulikuwa ndooni. Nikaweka kiganja.