Mlinzi wa Tatu

Vua viatu hapo dakani. Kizingiti kimeinuka;
jambazi mkuu mwenyewe alijikwaa,
wakalazimika kurudia.
Ndiyo, mlango ni huu huu.
Ule mngurumo wa chuma mliousikia sinema
waliutia baadaye. Huu wetu hulia kama mbuzi.

Nimeshika funguo za nyumba hii ya Mkomani
mwaka wa kumi na tisa sasa,
na kila mgeni huuliza lile lile:
kitufe kiko wapi?
Kile alichobonyeza, ukuta ukafunguka,
ngazi mia zikateremka hadi kwenye makombora.
Zangu ni ngazi tisa. Zinaishia chooni.
Ule ukumbi wa chini, nasikia, ulikuwa ghala la viazi
katika nchi ya baridi, wakalipaka rangi ya chuma.

Katika zidaka hizi alificha bastola, sumu, ramani ya dunia.
Mimi naweka sahani za bibi, dawa ya mbu,
chaja, na kitabu cha risiti.
Alitaka kuzima taa za ulimwengu mzima, mwovu yule.
Usiku walipopiga picha hiyo
Lamu ilikuwa gizani tangu magharibi,
ikabidi wamngoje fundi wa jenereta
ili mwovu apate taa za kuzima.

Na paka! Walimleta mweupe kutoka ng'ambo,
ndani ya kikapu chenye mto,
kana kwamba Lamu imepungukiwa paka.
Siku ya tatu akaruka dirishani.
Mpaka leo sokoni, chini ya meza za samaki,
utamwona mmoja mmoja mwenye mabaka meupe
akikutazama kama mtu mwenye mpango.

Haya huyasema kila siku. Watu hucheka, hulipa.

Jumatano alikuja Bwana Gathogo,
mstaafu wa benki, kutoka Nyeri,
peke yake, na bahasha.
Hakuuliza kitufe.
Filamu hiyo aliiona mara kumi na moja ujanani,
kwenye ukumbi uliovuja. Ndani ya bahasha
mna picha alizozichapa, tukio moja moja,
na kazi yake ni kusimama ilipokuwa kamera,
kunyoosha mkono, kuoanisha
boriti kwa boriti, ufa kwa ufa.
"Nyuma kidogo," akawa anajiambia. "Kushoto. Hapo."

Nilikuwa nimeegemea ukuta wa uani, namngoja amalize.
Akasema bila kuniangalia:
"Usiondoke, dada. Umesimama mahali pa mlinzi."

Mlinzi gani?

"Wa tatu. Huyu anayeanguka."

Baba hakuwekwa jina kwenye ile orodha ya mwisho.
Shekuwe Famau, fundi chokaa.
Walimwita azibe nyufa, wakaona ana mabega,
wakamvisha nguo nyeusi na bunduki ya mti.
Akaanguka kutoka kule juu kwenye magodoro sita.
Alikufa mara saba mchana mmoja, akalipwa mara moja,
na jioni akarudi kwenye nyufa zake.
Nyumbani tulimtania: Marehemu, chai tayari.
Akaja akafa mara ya nane, bila magodoro,
nami niko kwenye foleni ya dawa.

Filamu sijaitazama tangu hapo. Wageni hudhani nimeichoka.

Bwana Gathogo akanipisha alipokuwa,
akanipa karatasi niishike mwenyewe.
Nikanyoosha mkono. Boriti kwa boriti.
Ukuta ule alioupaka, chokaa bado mbichi,
na ukuta huu, umepasuka palepale.
Katikati, baba, umri wake thelathini na moja,
mdogo kwangu kwa miaka kumi,
bunduki ameishika kama mwiko wa fundi,
hajaambiwa bado aanguke.

"Husimama sekunde mbili na nusu," Bwana Gathogo alisema.
"Nimezihesabu."

Mkono ukaanza kuniuma.
Nikabadilisha mkono.