Keki ya Tanzia

Kuna wanyama hufa, wakaitwa kibudu,
wakaburutwa hadi nyuma ya zizi.
Nyuki, huku kwetu Anykščiai, hawafi hivyo.
Nyuki hufariki.
Kitenzi ni kile kile tulichompa mama yangu.

Kwa hiyo jana Alvydas aliposimama langoni
kofia mkononi, akasema, "Wamefariki, Genovaitė,
mizinga yote minne,"
sikucheka. Nikauliza, lini?
Februari, pengine, theluji ilipoyeyuka ikaganda tena.
Alitega sikio ubavuni mwa mzinga, kama daktari,
akasikia ubao.

Nina matofaa kumi na moja ghalani, ndani ya majani makavu,
yamekunjamana kama magoti yangu.
Tofaa la Machi limeacha kujipamba,
utamu wote umerudi ndani.
Nayamenya. Manne yameoza moyo;
hayo ya kuku.

Asali ninayo chupa moja, na ni yake.
Kiangazi cha juzi bumba lilitoka kwake, likaruka ua,
likaning'inia kwenye mtofaa wangu mfano wa ndevu.
Alikuja na ngazi na gunia. Nilidhani tutagombana.
Akaniachia bumba zima, na mzinga mkuukuu wa kulitia,
na tangu siku hiyo tunaitana kwa neno
ambalo lugha yetu imelichonga kutoka kwa nyuki:
rafiki, yaani mtu mliyegawana nyuki.
Shemeji yangu simwiti hivyo,
na miaka thelathini tumekula meza moja.

Siagi kikaangoni. Asali juu yake.
Hapo usiondoke, hata simu ikilia.
Asali haikupi onyo:
sasa hivi ni dhahabu, ukipepesa jicho ni lami.
Inachemka kwa povu jembamba, na jiko,
lenye barafu bado kwenye kioo cha dirisha,
linanukia Julai.
Nikajisikia nasema, poleni.

Napanga vipande, duara ndani ya duara,
upande mzuri ukitazama chuma.
Keki hii mpishi wake haioni uso
mpaka mambo yamekwisha.
Juu yake rojo: unga, mayai matatu, krimu iliyochacha,
mdalasini, na chumvi,
zaidi kidogo ya kawaida, kwa kuwa inakwenda msibani.

Dakika arobaini. Nikafua soksi.

Kisha lile ninaloliogopa tangu nikiwa msichana:
sahani juu ya kikaango, taulo mikononi,
ishara ya msalaba kwa kidevu maana mikono imeshika moto,
na kufudikiza.

Ikatoka. Karibu yote.
Kipande kimoja kiling'ang'ania chuma
kama mtoto asiyetaka kuaga wageni.
Nikakibandua kwa kisu, nikakirudisha mahali pake.
Kiraka kinaonekana. Basi.

Fuata nyuki ule asali, ndivyo isemwavyo.
Mimi nilishika njia ileile kwa kurudi nyuma,
asali mkononi, tope hadi kwenye vifundo vya miguu,
nikipita mizinga minne iliyofunguliwa vifuniko.

Alvydas alikata palepale penye kiraka.
Akatafuna muda mrefu, akitazama ukuta.
"Ni wao," akasema.
Halafu: "Imeungua kidogo chini."
"Hapo ni juu," nikamwambia.
Akakigeuza kipande, akakigeuza tena,
akacheka, na kicheko kikamharibikia njiani
ikabidi nitazame nje.

Hakuniuliza habari za mzinga wangu.
Nami sikusema.

Jumapili sahani ilirudi, na haikurudi tupu:
donge la nta iliyochujwa, bado vuguvugu,
lenye alama ya kidole gumba.
Nimeliweka dirishani.

Usiku natoka na viatu vya marehemu mume wangu,
natega sikio kwenye ule mzinga mkuukuu.
Wananguruma. Kidogo, kama watu walio chumba cha pili.
Ni watoto wa wale.
Sitamwambia leo; Aprili huku ni mwizi,
nimeshawahi kuahidi kabla yake nikaumbuka.
Ila ule ua, pale ulipoangushwa na theluji,
nimemwambia fundi asije.