Kipa wa Pili

Picha ya Gunnvor Eliassen mnayoijua nyote,
ile aliyolikumbatia kombe kama mtoto aliyeokotwa,
imekatwa upande wa kulia.
Kiwiko kilichobaki pembeni ni changu.

Tulianzia Hammerfest,
kiwanja cha changarawe nyuma ya kiwanda cha samaki.
Baba yake aliendesha greda la kuzoa theluji,
na kila Jumamosi ya Machi alisafisha goli moja tu,
la binti yake;
la pili lilibaki limefukiwa hadi mtambaa panya.
Glavu zake za kwanza aliziazima kwa mama, kiwandani.
Zilioshwa kwa sabuni, kwa siki, kwa majivu,
na bado washambuliaji walikunja pua kabla ya kupiga.
Labda ndiyo maana walikosa.
Simnyimi sifa. Nasema labda.

Tulipoitwa timu ya taifa
tulipewa jezi za wanaume za msimu uliopita.
Mgongoni mwake jina la mtu lilikuwa limebanduliwa nusu,
akacheza mechi sita akiitwa "sen".
Mapokezi ya hoteli walitudhania kwaya,
wakatuuliza tutaimba saa ngapi.
Gunnvor akajibu: saa moja na nusu, njooni.
Usiku ule hatukufungwa.

Kisha miaka kumi na mmoja.

Mechi mia moja na arobaini na tatu: zake.
Dakika ishirini na tatu: zangu,
alipovunjikia kidole kwenye kiatu cha Mdenmaki.
Mpira ulinijia mara mbili,
na mara zote mbili ulitoka kwa beki wetu,
ukija taratibu, kwa adabu,
kama mtu anayeuliza njia.

Kutoka benchi mtu huonekana ubavu.
Nyinyi mnamjua uso; mimi namjua sikio,
namna lilivyoiva wekundu kabla ya kona,
namna alivyougusa mlingoti kwa kisigino,
wa kushoto, kisha wa kulia, kisha tena wa kushoto,
kama anayehakikisha mlango umefungwa
nyumba ambayo mimi sikuwa na ufunguo wake.
Je, nilimwombea jeraha?
Mara moja. Mvua ilikuwa inanyesha, nilikuwa na miaka ishirini na minane.
Sikuirudia dua ile, wala sikuifuta.

Fainali. Mikwaju ya penalti.
Daftari lilikuwa langu: majina yao, mguu, upande,
nimeandika usiku kucha katika vyumba vyenye pazia zito.
Taulo bega la kulia, ruka kulia.
La kushoto, ruka kushoto.
Mkwaju wa tano, msichana mwenye kipini cha buluu kichwani,
nikaweka taulo kulia.
Gunnvor alinitazama. Akaruka kushoto.
Akaudaka, hakuupangua: akaudaka.

Miaka mingi wameandika kuhusu daftari langu,
ushirikiano, umoja, ushindi wa benchi zima.
Sijawahi kuwasahihisha.
Naye hajawahi.
Nilimuuliza kwenye ndege, akasema,
"Ulikuwa umekosea mkono. Nilijua ulichotaka kusema."
Nikafungua daftari: kushoto.
Kwa wino, kwa hati yangu, kushoto.

Alipotundika daluga nilitundika zangu wiki ileile;
zake zimo ndani ya kioo jumba la makumbusho,
zangu alizivaa mpwa wangu hadi soli ikacheka.
Siku hizi anauza bima. Kile kidole hakikunyooka,
hakiingii kwenye shikio la kikombe,
hivyo hunywa kahawa akiwa amekikumbatia kikombe kwa viganja viwili.

Jana, palepale kwenye changarawe,
ambayo sasa ni nyasi bandia na ina taa,
binti wa miaka kumi alimkimbilia akitetemeka,
kisha akanigeukia na kunipa simu:
"Shangazi, tafadhali, tupige."

Nikawapiga.
Kisha nikapiga nyingine,
ya akiba.